Viungo vya Liva ya Gia: Utambuzi wa Hitilafu, Ufungaji wa Viungo Vilivyoboreshwa na Istilahi Zake katika Mazingira ya Itaka, Mkoa wa Songwe

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kazi ya viungo vya liva ya gia, yaani fimbo, kebo, egemeo na bushi zinazopeleka mwendo wa mkono wa dereva hadi ndani ya giaboksi. Yanaeleza pia hatua za kuondoa viungo vya asili vilivyochakaa na kufunga vilivyoboreshwa. Gari lililochukuliwa kuwa mfano mkuu ni Subaru Impreza yenye gia za mkono, na mazingira yanayorejelewa ni ya Itaka, katika Wilaya ya Mbozi. Hoja kuu ni kwamba hitilafu ya viungo hivi hudhaniwa mara kwa mara kuwa hitilafu ya giaboksi au ya klachi, na kwamba kosa hilo huanzia katika lugha: dereva hutaja dalili moja, fundi akasikia nyingine. Kwa hiyo maelezo ya ufundi yameambatanishwa na uchambuzi mfupi wa istilahi za Kiswahili zinazotumika gerejini.

1.0 Utangulizi

Itaka ni kata mojawapo ya Wilaya ya Mbozi katika Mkoa wa Songwe, mkoa ulioanzishwa mwaka 2016 baada ya Mkoa wa Mbeya kugawanywa. Wilaya hiyo inapitiwa na barabara kuu ya TANZAM, itokayo Dar es Salaam hadi mpakani Tunduma na kuendelea Zambia. Ni eneo la wakulima wa kahawa na mahindi, na mazao hayo hutegemea magari ili yafike sokoni. Gari linalofanya kazi huko huonja barabara za aina mbili: lami ya barabara kuu yenye miteremko mirefu, na njia za vijijini ambazo ni vumbi wakati wa kiangazi na tope tangu mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, hadi zinapokatika, Aprili au Mei.

Katika barabara hiyo hiyo hupita magari mengi yaliyotumika, yaliyotolewa Japani na kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, mengine yakielekea Zambia na Kongo. Miongoni mwake yamo magari ya mwendo kasi. Subaru Impreza ni mfano unaofahamika zaidi, kwa kuwa jina lake limefungamana na mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa njia iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1997 yalishindwa na Colin McRae akiendesha Impreza. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya mwendo wa namna hiyo, likiisha kutumika miaka ishirini, hufika mikononi mwa mnunuzi wa tatu au wa nne likiwa na injini nzuri na liva ya gia inayocheza kama mwiko ndani ya sufuria.

Jambo hilo si la starehe tu. Dereva anayeshuka mteremko huhitaji breki ya injini, na breki ya injini haipatikani isipokuwa gia ya chini imeingia na kukaa. Mteremko wa Senjele, uliomo katika barabara kuu wilayani Mbozi, unajulikana kwa ajali za magari makubwa. Ajali huwa na sababu nyingi, na si haki kuitwisha bushi moja lawama zote. Hata hivyo, dereva akipangua gia katikati ya mteremko, liva ikatoka katika gia ya nne na kushindwa kuiona ya tatu, gari hubaki bila gia, na breki za miguu hubebeshwa uzito wote peke yake. Huo ndio uzito wa suala linalojadiliwa katika makala haya.

2.0 Muundo na Kazi ya Viungo vya Gia

2.1 Aina tatu za mifumo

Ndani ya giaboksi mna nyuma, ambazo ni mikono yenye umbo la uma zinazosukuma vikuku vya kuunganishia gia. Liva aishikayo dereva haizigusi nyuma hizo moja kwa moja katika magari yote. Kwa kuzingatia njia ambayo mwendo wa mkono hupitia, mifumo inaweza kugawanywa katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni ya moja kwa moja. Liva imesimama juu ya giaboksi na ncha yake ya chini huingia ndani. Mfumo huu unapatikana katika magari mengi yenye injini mbele na magurudumu ya nyuma yanayosukuma, yakiwemo magari ya kubebea mizigo midogo. Una viungo vichache, hivyo huchakaa taratibu.

Aina ya pili ni ya fimbo. Giaboksi iko mbali kidogo na liva, na fimbo ya chuma hubeba mwendo kutoka liva hadi mkono wa kuchagulia gia. Fimbo hiyo hufanya kazi mbili: huzunguka ili kuchagua safu ya gia, na husukumwa au kuvutwa ili kuingiza gia yenyewe. Impreza iko katika kundi hili. Malori mengi yenye kabini juu ya injini nayo hutumia fimbo ndefu zenye viungo vingi, kwa sababu kabini hulazwa mbele wakati wa matengenezo na liva haina budi kulala pamoja nayo.

Aina ya tatu ni ya kebo. Kebo mbili hutoka kwenye liva hadi giaboksi, moja ikichagua safu na nyingine ikiingiza gia. Toyota Hiace za kizazi kilichoanza mwaka 2004, ambazo liva yake imechomoza kwenye dashibodi, ni mfano wa mfumo huu. Bajaji pia hutumia kebo, ila mahali pa liva pameshikwa na mpini wa mkono wa kushoto unaozungushwa.

2.2 Liva kama wenzo

Katika fizikia, liva ya gia ni wenzo. Ina egemeo, mkono mrefu juu ya egemeo na mkono mfupi chini yake. Mfano wa hesabu utadhihirisha jambo hili. Tuseme mkono wa juu una urefu wa milimita 300 na wa chini milimita 60. Uwiano ni 5 kwa 1. Ili fimbo iliyo chini isogee milimita 20, kirungu cha liva hakina budi kusogea milimita 100. Kwa upande wa nguvu hesabu hugeuka: nguvu ya kilo moja mkononi huwa kilo tano kwenye fimbo.

Hapo ndipo panapoonekana athari ya bushi iliyochakaa. Bushi ya chini ikiwa na nafasi ya milimita 2 tu, nafasi hiyo huzidishwa mara tano inapofika mkononi, na kirungu hucheza milimita 10 kabla fimbo haijatikisika. Mfumo wa fimbo ukiwa na bushi tatu zilizochakaa kwa kiasi hicho, michezo yake hujumlishwa. Dereva huhisi kwamba giaboksi imekwisha, ilhali vyuma vya ndani bado vizima.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza maana ya liva fupi, ambayo wapenzi wa magari ya kasi huinunua ili gia ziingie upesi. Mkono wa chini ukirefushwa kutoka milimita 60 hadi 75, uwiano hushuka na kuwa 4 kwa 1. Kirungu sasa husogea milimita 80 badala ya 100, pungufu ya asilimia 20. Lakini nguvu inayohitajika mkononi huongezeka kwa asilimia 25. Hakuna mwendo mfupi usiolipiwa kwa nguvu. Kwa gari la mashindano malipo hayo yanakubalika. Kwa gari linalobeba familia na magunia ya mahindi katika njia ya tope, ambako gia hubadilishwa mara mamia kwa siku, yapasa kufikiriwa mara mbili. Aidha, mwendo mfupi huzipa singronaiza muda mdogo wa kulinganisha kasi za gia, na dereva mwenye mkono mzito huweza kuzichakaza mapema.

Kwa hiyo maboresho ya viungo yana sehemu mbili zisizopaswa kuchanganywa. Ya kwanza ni kuondoa mchezo kwa kubadilisha bushi. Ya pili ni kubadilisha uwiano wa wenzo. Ya kwanza inafaa karibu kila gari lililochakaa. Ya pili ni hiari.

3.0 Lugha ya Malalamiko na Utambuzi wa Hitilafu

Mteja anayefika gerejini huanza kwa maneno, na maneno hayo ndiyo chombo cha kwanza cha fundi kabla hajashika spana. Katika Kiswahili cha madereva kuna semi nne zinazohusu gia mbovu. Semi hizo hutumiwa wakati mwingine kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kila moja huelekeza kwenye chanzo chake.

Usemi wa kwanza ni kwamba gia “inacheza”. Liva inatikisika kushoto na kulia hata ikiwa ndani ya gia, na dereva haoni mipaka ya njia zake. Dalili hii huelekeza kwenye bushi na viungo vya nje.

Usemi wa pili ni kwamba gia “haiingii”. Hapa fundi hana budi kuuliza swali moja zaidi: haiingii injini ikiwa inaunguruma, au hata ikiwa imezimwa? Ikiwa gia zote huingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, lakini hugoma au hulia injini ikiwaka, shaka ya kwanza iwe juu ya klachi isiyoachia. Ikiwa gia hugoma hata injini ikiwa imezimwa, shaka iwe juu ya viungo, marekebisho ya kebo, au sehemu za ndani.

Usemi wa tatu ni kwamba gia “inachomoka”. Gia huingia vizuri, kisha hutoka yenyewe gari linapovuta mzigo au dereva anapoachia mafuta. Mara nyingi chanzo kimo ndani ya giaboksi: gololi na springi za kushikilia, meno yaliyolika, au uma uliopinda. Hata hivyo, viungo vya nje visivyofika mwisho wa mwendo wake vinaweza kuiacha gia imeingia nusu, nayo ikachomoka. Mikono ya injini iliyokatika huleta dalili iyo hiyo, kwa kuwa injini huinuka inapovuta na kuisukuma fimbo.

Usemi wa nne ni kwamba gia “inalia”. Sauti ya meno yanayokwaruzana wakati wa kuingiza gia moja tu, kwa mfano ya pili, huelekeza kwenye singronaiza ya gia hiyo. Bushi mpya haitaiponya.

Uthibitisho hupatikana kwa jaribio lisilogharimu kitu. Mtu mmoja huketi kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa imezimwa, na kusogeza liva polepole. Mwingine hutazama chini ya gari, penye kiungo kilicho karibu na giaboksi. Liva ikianza kwenda na kiungo cha mwisho kikachelewa, mchezo umo katikati. Fundi hufuatilia kiungo kwa kiungo, akiweka kidole mahali vyuma viwili vinapokutana, hadi aone kipi kinatangulia na kipi kinabaki. Jaribio hili la dakika chache humwepusha mwenye gari na gharama ya kushusha giaboksi bila sababu. Kwa mkulima wa Itaka aliyesubiri mauzo ya kahawa ndipo atengeneze gari, tofauti baina ya bei ya bushi na bei ya giaboksi ni tofauti baina ya kulima msimu ujao na kukopa.

4.0 Uchaguzi wa Bushi

Bushi za asili hutengenezwa kwa raba au plastiki laini. Mtengenezaji hachagui raba kwa ubahili tu. Raba humeza mtikisiko wa injini ili usipande kwenye liva na kuingia ndani ya gari. Udhaifu wake ni kwamba joto la ekzosi, oili na umri huifanya ipasuke au kulainika.

Bushi za maboresho huwa za poliurethani, za plastiki ngumu jamii ya nailoni, au za shaba. Poliurethani ni ya kati: hupunguza mchezo kwa kiasi kikubwa na bado humeza sehemu ya mtikisiko. Plastiki ngumu hupunguza mchezo zaidi, lakini hupitisha sauti. Shaba haina mchezo inapokuwa mpya, ila hudai grisi, na vumbi likichanganyika na grisi huwa kama msasa na kuila pini. Katika njia za vumbi za Mbozi, bushi ya shaba isiyo na kizuizi cha uchafu haifai, hata kama inafaa katika uwanja wa mashindano wenye lami.

Mahali ambapo vipuri vya dukani havipatikani, mafundi hutengeneza bushi wenyewe. Bushi iliyokatwa kutoka raba ya tairi kuukuu hufaa kwa muda, lakini hulegea upesi. Bushi iliyokerezwa kutoka mche wa nailoni, kwa vipimo vilivyochukuliwa kwenye pini na kwenye tundu, yaweza kudumu na kufanya kazi vema. Jambo linalotofautisha kazi nzuri na mbaya hapa ni kipimo. Bushi iliyobana kupita kiasi huifanya liva iwe nzito na kushindwa kurudi katikati. Iliyolegea huurudisha ugonjwa uliokuwapo. Kuchomelea kiungo kwa moto ili kisicheze kabisa ni kosa, kwa sababu kiungo kimewekwa ili kizunguke. Kikizuiwa kuzunguka, nguvu huhamia kwenye chuma kilicho jirani na kukivunja.

5.0 Hatua za Ufungaji

Hatua zifuatazo zinahusu mfumo wa fimbo wa Impreza. Mfumo huo una vyuma viwili sambamba: fimbo ya gia inayotembea, na mhimili usiotembea unaokishikilia kitako cha liva. Mbele, mhimili huo umefungwa kwenye giaboksi kwa bushi. Nyuma, umeegemezwa kwenye bodi ya gari kwa raba. Bushi za kuangaliwa, kwa hiyo, ziko katika sehemu tatu: kwenye kiungo cha fimbo na giaboksi, mbele ya mhimili, na nyuma ya mhimili.

(i) Maandalizi. Gari liegeshwe mahali tambarare na pagumu, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yatiwe kabari. Likiinuliwa kwa jeki, lishikiliwe kwa stendi za chuma. Mawe, matofali na magogo yasitumike, kwa kuwa hupasuka au kuteleza bila kutoa ishara. Ekzosi iachwe ipoe kabisa. Ikiwa stendi hazipo, kazi iahirishwe. Hakuna bushi yenye thamani ya kifua cha fundi.

(ii) Kipimo cha awali. Kabla ya kufungua chochote, rula iwekwe pembeni ya kirungu na mchezo wa liva upimwe kwa milimita, ikiwa ndani ya gia na ikiwa nje. Namba hizo ziandikwe. Bila kipimo cha awali, hakuna njia ya kuthibitisha kwamba kazi imezaa matunda, na mteja atalazimika kuamini maneno matupu.

(iii) Kufungua juu. Kirungu cha liva huzungushwa na kutolewa, kisha huondolewa mfuko wa ngozi na plastiki iliyouzunguka. Skrubu ziwekwe katika chombo kimoja kwa mpangilio wa kutolewa kwake.

(iv) Kufungua chini. Kwa kawaida kipande cha kati cha ekzosi na bati la kukinga joto huondolewa ili mkono ufike. Pale propela inapoizuia spana, nayo huondolewa, lakini kwanza itiwe alama ya rangi inayovuka maungio yake ili irudi kama ilivyokuwa; ikirudishwa vingine, inaweza kuleta mtikisiko. Ncha ya mbele ya propela ikichomolewa kutoka giaboksi, oili huweza kumwagika. Tundu lizibwe na chombo cha kukinga oili kiwekwe chini.

(v) Kutoa bushi za zamani. Fimbo na mhimili hutolewa na kusafishwa kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, mbali na moto. Bushi husukumwa nje kwa kutumia jiliwa na soketi mbili: ndogo inayosukuma na kubwa inayopokea. Kugonga kwa nyundo huweza kulipanua tundu.

(vi) Ukaguzi wa pini. Pini na boliti zilizopita ndani ya bushi zikaguliwe kwa jicho na kwa ukucha. Mfereji unaoshika ukucha ni dalili kwamba chuma kimelika. Bushi mpya ikivalishwa pini iliyolika, mchezo utarudi baada ya muda mfupi, na lawama itaiangukia bushi isiyo na hatia.

(vii) Kufunga. Bushi mpya hupakwa grisi inayoafikiana na maada yake. Poliurethani hupakwa grisi ya silikoni. Grisi itokanayo na petroli huiharibu raba ya asili, hivyo isitumike kwenye raba hiyo. Bushi huingizwa kwa jiliwa, ikienda sawa bila kupinda. Kisha vyuma hurudishwa, na boliti hukazwa kwa kipimo kilichotolewa katika kitabu cha mtengenezaji, liva ikiwa nje ya gia.

Kwa mfumo wa kebo, kazi ni nyepesi kwa mikono ila ngumu kwa macho. Bushi ziko kwenye ncha za kebo, na baada ya kuzibadilisha ni lazima urefu wa kebo urekebishwe. Liva na mkono wa giaboksi vyote huwekwa katika hali ya kutokuwa na gia, ndipo kifungio cha kebo kikazwe. Kebo ikikazwa ikiwa imevutwa kidogo tu, gia za upande mmoja huingia hadi mwisho na za upande wa pili huishia nusu. Kosa hilo halionekani gari likiwa limesimama. Huonekana mteremkoni, gia inapochomoka.

6.0 Upimaji baada ya Ufungaji

Gari likiwa bado juu ya stendi na injini ikiwa imezimwa, gia zote ziingizwe moja baada ya moja, pamoja na rivasi. Liva irudi yenyewe katikati inapoachiwa nje ya gia. Mchezo upimwe tena kwa rula na ulinganishwe na namba za awali. Ikiwa liva imekuwa nzito kuliko ilivyotarajiwa, boliti zilegezwe, mhimili unyooshwe, na zikazwe upya. Mara nyingi uzito huo hutokana na chuma kilichofungwa kikiwa kimepinda.

Baada ya kushushwa, gari lijaribiwe katika njia tambarare isiyo na watu wengi, kwa kupanda na kupangua gia zote katika mwendo mdogo. Halafu lijaribiwe katika mwinuko mfupi, likiwa katika gia ya pili, dereva akikanyaga na kuachia mafuta ili kuona kama gia itakaa. Ni baada ya hapo tu ndipo gari lirudishwe barabara kuu. Boliti zikaguliwe tena baada ya siku chache za kazi, kwa kuwa bushi mpya hujikalia na boliti huweza kulegea.

Wajibu huu si wa hiari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168 ya sheria za Tanzania, inakataza gari bovu kutumika barabarani. Fundi anayekabidhi gari lenye gia isiyokaa, na mwenye gari anayelipokea akijua, wote wameweka roho za watu rehani.

7.0 Istilahi na Uundaji Wake

Istilahi zilizotumika katika makala haya zimeundwa kwa njia zinazofahamika katika isimu ya Kiswahili. Njia ya kwanza ni utohoaji: gia, klachi, giaboksi, bushi, boliti, spana na propela zimetoka katika Kiingereza na kuvalishwa irabu za Kiswahili. Njia ya pili ni upanuzi wa maana. Uma wa mezani umekuwa uma wa giaboksi, jino la kinywani limekuwa jino la gia, na mfupa wa kiungo umeazima jina lake kwa chuma. Njia ya tatu ni matumizi ya maneno ya kale ya ufundi, kama vile jiliwa, kabari na kereza, yaliyotumiwa na maseremala kabla ya kuingia gerejini.

Kitenzi kinachostahili kutazamwa kwa makini ni “pangua”. Kiumbo, ni “panga” iliyotiwa kiambishi cha kutendua, kama ilivyo katika funga na fungua, ziba na zibua. Katika matumizi ya jumla, kupangua ni kuharibu mpango. Kwa dereva, kupangua gia ni kushuka kutoka gia ya juu hadi ya chini kwa utaratibu. Kitendo hicho si uharibifu bali ni utendaji wa ustadi, na ndicho humwokoa msafiri mteremkoni. Lugha imeona kwamba kupanda gia ni kujenga safu, na kushuka ni kuibomoa jiwe kwa jiwe.

Istilahi za gia zimevuka pia mipaka ya gereji. Usemi wa “kubadili gia angani” ulienea katika siasa za Tanzania wakati wa uchaguzi mkuu wa mwaka 2015, ukimaanisha kubadili uamuzi mkubwa mambo yakiwa yamekwisha kuanza. Usemi huo unaeleweka kwa sababu msikilizaji anajua kwamba gia hubadilishwa kwa wakati wake, na kwamba kuibadilisha wakati usiofaa kuna hatari.

Jitihada za kusanifu msamiati wa ufundi si ngeni. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na mwaka 1987 Rajmund Ohly alichapisha kamusi ya msingi ya istilahi za ufundi kwa Kiingereza na Kiswahili. Mafunzo ya ufundi stadi nayo yaliwekewa sheria yake mwaka 1994, iliyoanzisha mamlaka ya VETA. Pengo lililobaki si la majina ya vipuri, kwa kuwa majina hayo gereji imejipatia yenyewe. Pengo ni la majina ya dalili. Hakuna mahali ambapo “kucheza”, “kutoingia”, “kuchomoka” na “kulia” yamewekwa pamoja na kupewa maana zinazotofautiana, ilhali ndiyo maneno ambayo dereva huja nayo mlangoni.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba viungo vya liva ya gia ni wenzo unaozidisha kila kasoro ndogo iliyo chini yake, na kwamba kuondoa mchezo ni kazi tofauti na kufupisha mwendo wa liva. Yameeleza pia kwamba bushi inayofaa uwanja wa mashindano si lazima ifae njia ya vumbi, na kwamba kipimo cha kabla na baada ndicho shahidi wa kazi. Kuhusu lugha, imebainika kwamba semi nne za madereva hubeba utambuzi kamili iwapo zitatenganishwa.

Inapendekezwa kwamba walimu wa ufundi magari waanze somo la gia kwa semi hizo nne, kila moja ikiambatanishwa na jaribio lake, kabla ya mwanafunzi kufundishwa kushusha giaboksi. Inapendekezwa pia kwamba watungaji wa kamusi za ufundi waziingize dalili pamoja na vipuri. Fundi wa Itaka akiulizwa na mteja kwa nini gia imeshindwa kukaa, na akaweza kujibu kwa neno moja lisilo na utata, ataanza kazi yake mahali panapostahili.